Mkono Uliozoea Dirisha la Gari

Mpendwa Baba Nassor,

Utaona nimeanza bila salamu. Usinione nimekosa adabu, mie mkeo ambaye hapa kijijini Ole wote wanajua salamu zangu ni ndefu kuliko habari zenyewe. Salamu yako ipo. Nimeiweka, nitakupa mwisho wa barua, na ukifika huko utajua kwa nini nilichelewa nayo.

Tena barua hii si yako peke yako, uniwie radhi. Mwalimu Grace, yule wa Bara anayesomesha hesabu hapa skuli, mumewe kahamishiwa Tanga kikazi na gari kaondoka nayo. Juzi alinikuta njiani, viatu vya kisigino miguuni, jasho linamtiririka, akaniuliza, "Mama Nassor, wewe umezoea vipi bila gari? Niandikie basi, hata ukurasa mmoja." Nikakubali. Nilipokaa kuandika nikajisikia natoa sauti ya tangazo la redioni, fanya hivi, usifanye vile, nikaichana karatasi. Bora nikuandikie wewe, naye asome begani kwangu. Yanayomhusu atayachukua, na yetu mimi na wewe atayafumbia macho.

Kwanza habari ya gari yenyewe. Siku ya kugawa mirathi kila kitu kilikuwa na njia yake: mikarafuu, ng'ombe, kile kiwanja cha mjini Chake. Gari ndiyo iliyotusumbua. Shehe alikuwa keshasema thumni, fungu moja katika manane, ni yangu mie mke, na inayobaki ni ya Nassor na dada zake. Nilikuwa ndani, nasikiliza nyuma ya pazia, nikawa najiuliza thumni ya gari ni nini hasa. Tairi? Mlango? Kama wangenipa nichague ningechukua honi, wabaki na mengine yote. Lakini gari haikatwi kama kiwanja, basi ikauzwa. Aliyeinunua ni mtu wa Wingwi, na nasikia siku hizi inapakia majani ya ng'ombe na mbuzi wawili watatu pale nyuma, pale pale ulipokuwa ukinikataza kuweka samaki.

Unazikumbuka asubuhi zetu? Unaitoa gari uani taratibu, mie nafunga nyumba, naingia, nafunga mlango wa gari, na kanga yangu inabanwa. "Kanga," unasema, bila hata kugeuka. Nafungua, naivuta, nafunga tena. Miaka yote ya kazi ilikuwa hivyo. Sijui kwa nini sikujifunza. Labda nilipenda kuambiwa.

Halafu ile njia yetu ya udongo mpaka kwenye lami. Tuligawana nyumba: za upande wako unapunga wewe, za upande wangu napunga mie, na wakati wa kurudi zinabadilishana, kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa. Honi mbili fupi. Mbele ya kioo zile karafuu chache ulizokuwa ukiziweka gari inukie. Nikikwambia simama kidogo tumuulize jirani yetu Bi Mize hali ya goti lake, unanijibu, "Mkono unatosha, Mama Nassor. Wanajua tuna haraka." Haraka kweli ilikuwapo. Mie nilikuwa muuguzi, zamu ya asubuhi haimsubiri mtu, na wewe, bwana shamba, ulikuwa na mashamba yako ya kukagua. Lakini hukuacha kuongeza, "Tukistaafu tutashuka."

Na ulikuwa na nia hasa. Ulipostaafu ulirudi siku moja kutoka Chake na maboksi mawili ya viatu vya raba, buluu zako na buluu zangu, ukasema tutakuwa tunatembea mpaka barabarani na kurudi, kila nyumba tunapiga hodi. Nilicheka, nikakwambia watu watasema wazee hawa wanataka kusajiliwa timu ya mpira. Tukayatia maboksi chini ya kitanda tukingoja mvua zipungue. Mvua zikapungua, na wewe ukawa umelala juu ya kitanda kile kile, raba ziko chini yako, na hukushuka tena.

Sitaki kuandika siku zile. Niandike eda. Nilikaa ndani muda wote uliopangwa, na watu wa njia hii ndio walionishika. Uji, mihogo ya nazi, ndizi mbichi, maziwa, vyote vilikuja kwa miguu. Bi Mize, na goti lake lile, alikuja kila siku Mungu aliyoileta. Haongei sana. Anakaa, anasuka ukili wa mkeka wake, anaondoka. Nikimwambia usijisumbue, ananiambia, "Nshazowea."

Nassor kabla ya kurudi Unguja alikaa mbele yangu akasema, "Mama, eda ikiisha jaribu kukaa. Lakini msimu wa karafuu ukimalizika nakuja kukuchukua. Hapa bila gari utaishi vipi? Ukiugua usiku?" Swali lilikuwa la haki. Nina presha, unajua, na mwenye presha anatakiwa kliniki. Lakini mie nilikuwa nataka kitu kimoja tu, nisitolewe kwenye nyumba hii. Humu ndimo ulimo, kwenye misumari uliyoipigilia kombo na kwenye lile dirisha ulilosema utalirekebisha. Nikitoka humu, nakwenda kukukumbukia wapi?

Basi eda ikaisha, nikavaa raba zangu, nikatoka kwenda kliniki Chake. Na hapa Mwalimu Grace asogee karibu. Kosa langu la kwanza lilikuwa kupiga hesabu ya gari nikaipa miguu. Nilitoka nyumbani saa ile ile tuliyokuwa tukitoka mie na wewe. Nilipofika barabarani gari ya Chake ilikuwa imeshaondoka zamani, na iliyofuata ikanikuta nimekaa juu ya jiwe, nimekunja uso, nakulaumu wewe kana kwamba umechelewa kutoka uani. Kwa hiyo atoke mapema kuliko anavyodhani ni mapema. Na avae viatu vya chini. Vile vya kisigino aviweke kwenye mfuko, avivae mlangoni kwa skuli, wala hakuna atakayejua.

Kosa la pili lilikuwa mkono. Sikuutuma. Nilipofika usawa wa nyumba ya kwanza ulinyanyuka wenyewe, kiganja nje, juu juu, kama uko dirishani. Mie huku nakwenda. Nyumba ya pili, hivyo hivyo. Watu wako barazani kwenye majamvi wanachambua karafuu, wananyanyua vichwa, wananitazama, nami nimeshapita. Nilikwenda hivyo na kurudi hivyo, na siku zilizofuata hivyo hivyo, na moyoni nikijisifu kwamba nimemsalimia kila mtu.

Nyumba ikapoa. Mwanzoni sikuelewa. Aliyekuwa akileta maziwa hakuja. Hapakuwa na wa kuja kuomba chumvi wala wa kurudisha sahani. Bi Mize hakuonekana. Nikasema labda ni karafuu, watu wana kazi. Nilikaa barazani peke yangu jioni na kikombe cha chai, na upweke ulioniingia hata wakati wa eda sikuupata. Nikaanza kudhani Nassor kasema kweli, kwamba huku nilikuwa mtu kwa sababu ya wewe na gari yako, na vyote viwili vimekwisha.

Mwisho Bi Mize akaja. Hakukaa mahali pake pa siku zote. Alikaa ukingoni mwa baraza, buibui limefungwa vizuri, kama mtu aliyetumwa.

"Mama Nassor, miye sikuja kunywa chai. Nimekuja kuuliza. Siye tumekukoseani?"

"Hamjanikosea kitu, Bi Mize. Kwani vipi?"

"Ntu akipita na gari twamjua ana haraka zake. Akinyanyua nkono twashukuru. Weye wapita na miguu yako, hapa hapa mbele yetu, wanyanyua nkono wenda zako. Haraka hino ya wapi? Watu washasema, kamaliza eda, hana haja nasi tena."

Nilitaka kucheka, kikatoka kilio. Nikamwambia, "Si mie, Bi Mize. Ni huu mkono. Umezoea dirisha la gari." Akaushika, akautazama kama vile mie nilivyokuwa nikiwatazama wagonjwa wangu, kwa utulivu, wala hana mzaha.

"Haya basi," akasema. "Uzoweshe kuteremka."

Akasogea mahali pake, akainywa ile chai.

Kesho yake nilitoka bila safari. Sikuwa na kliniki wala soko. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, asalaam aleykum, nakaa, natengewa nafasi kwenye jamvi, napewa karafuu nichambue. Kwa kweli hapa hakuna salamu ya kusimama. Ukisimama wanakuuliza umekuja kudai? Vidole vikanata mafuta ya karafuu, na niliporudi nyumbani nikavinusa, nikakaa chini. Ilikuwa harufu ya gari yako.

Sasa Baba Nassor, nikwambie jambo, na usijifanye hulijui. Siku ile kwa Bi Mize nilimwomba msamaha kwa miaka yote ya kupita bila kusimama. Akanishangaa.

"Mbona mumeo akisimama?"

"Lini?"

"Akishakushusha kazini. Akirudi huku mashambani akashuka hapa, akanuliza goti. Akasema, salamu za Mama Nassor, yuko zamu."

Nikadhani ni yeye tu. Nikauliza nyumba ya pili, ya tatu. Kote hivyo. Kumbe wewe ulikuwa ukishuka. Uliniwahisha mie kazini kwa mkono na honi, kisha ukarudi njia nzima kunilipia salamu zangu, na jioni ukanikuta langoni kwa hospitali ukakaa kimya. Nitakwambia kweli, nilianza na wivu. Watu hawa wote walikuwa na asubuhi zako ambazo mie sikupewa. Wivu ulipopungua nilikutamani, Baba Nassor, mpaka mwili ukauma. Nilitamani uje tu uingie, nikugombeze kidogo, halafu nikuandalie chai.

Tangu siku hiyo kila nikitoka narudi na habari yako. Mmoja ananionyesha mpapai uliomwambia aukate naye akakataa, na hata leo unazaa, anacheka. Mwengine ananiambia ulivyompakia mkwewe mwenye uchungu na gari imejaa miche ya mikarafuu, mtoto akazaliwa ananukia udongo. Nilikuwa nadhani nimekwisha kukujua. Miguu imenipa wewe mwengine, na nasikitika kwamba nimempata umeshakwenda.

Mwalimu Grace atakuwa ameanza kuguna, anasema haya si ushauri. Basi namrudia.

Atoke mapema kwa ajili ya salamu, nimeshasema, na akichelewa kweli kweli aseme kwa mdomo, "Nachelewa, nitapita nikirudi," kisha apite kweli akirudi. Mkono peke yake aunyime kazi. Akitembea kwa miguu watu watampa vitu awapitishie: bakuli kwa fulani, dawa ya kikohozi kwa fulani, kuku aliyefungwa miguu. Mwanzo niliona naonewa. Sasa najua anayepewa mzigo ndiye aliyehesabiwa mwenyeji. Ila asikubali nazi nyingi, kwa maana anayekupa hapimi uzito, na mgongo ni wako.

Kununua nako kunabadilika. Tulikuwa tunarudi kutoka Chake na nusu ya soko, vitunguu vinaota kabatini, wewe unanitazama. Sasa nanunua kidogo kidogo hapa hapa dukani, na muuza samaki wa baiskeli nimemzoea, akifika usawa wa mwembe wa jirani anapiga kengele yake, mie nimeshatoka na sahani. Chake nakwenda siku ya kliniki tu, na shughuli zote nazirundika siku hiyo hiyo: dawa, benki, kitambaa, kumwangalia mgonjwa. Na sipendi kwenda peke yangu. Tunapatana wanawake wawili watatu tangu jana yake, tunakwenda pamoja, tunarudi pamoja, na porojo za njiani ndizo zinazonishushia presha kuliko vidonge.

Bodaboda nilikuwa naiogopa. Nilimaliza zamu ngapi nikifunga miguu ya watu wa bodaboda. Lakini nimepatana na Hamadi, mtu mzima, ana wajukuu, anaendesha kama anayebeba mayai. Nimemwambia ukikimbia mara moja tu nashuka na hunipati tena. Namba yake imebandikwa mlangoni kwangu, na ya kijana wa duka mwenye gari ya mizigo, na Bi Mize anajua kwamba taa yangu ya uani ikiwa bado inawaka asubuhi kumekucha basi sijaamka salama. Ukitaka kuishi bila gari, jambo la ugonjwa lipange siku ulipo mzima. Na hata hivyo nakiri, kuna nyakati moyo unapiga vibaya na nakumbuka funguo za gari zilivyokuwa zikilia mfukoni mwako. Hofu hiyo sijaimaliza, na sitamdanganya Mwalimu Grace kwamba ataimaliza.

Na mtu akisimamisha gari akampa lifti, apande, asijitie kiburi. Mie nilikataa siku moja kwa kujionyesha, na mvua ikaninyea mpaka kwenye lami. Mwamvuli awe nao daima, wa jua na wa mvua. Nami mwamvuli nilikuwa nao kwa sababu ya tatu, hiyo nitaisema sasa hivi.

Siku moja nilisikia honi mbili fupi nyuma yangu. Nilisimama pale pale. Sikugeuka. Nilijua nikigeuka nitaona mbuzi.

Sasa ile sababu ya tatu. Unajua ulipolala. Sisi wanawake hatukufika kukuzika, lakini makaburi ya kwenu yako kando ya njia, kabla tu ya kufika kwenye lami, na hakuna njia nyengine ya kwenda popote. Wewe ulikuwa ukifika hapo unapunguza mwendo, unazima redio, unawatolea salamu waliolala. Niliwahi kukuuliza unamsalimia nani, na ukaniambia, "Wanaitikia. Ila sisi hatusikii." Mie kila nikifika hapo kwa miguu nilikuwa naushusha mwamvuli upande ule, nisione. Nyumba zote za njia hii nilijifunza kusimama, ila kwako nikapita kama mwizi. Kwa sababu nikikutolea salamu ile nitakuwa nimekusalimia kama tunavyowasalimia wao, na mie sikuwa tayari uwe mmoja wao. Kila siku nikajiambia, kesho.

Msimu ukaisha, majamvi yakakunjwa, Nassor akaja. Alikodi gari uwanja wa ndege, lakini mvua zilikuwa zimeichimba njia yetu, akaiacha barabarani akaja kwa miguu na sanduku jipya la magurudumu kwa ajili ya nguo zangu. Sikubishana naye. Alikaa kwenye kiti chako, akakunja mikono kama wewe, akaniambia, "Mama, silali. Simu ikilia tu nadhani ni habari yako." Mtoto akikuomba kwa uso wa babake utamwambiaje? Nikafunga nguo. Nilimwomba jambo moja, tutoke mapema niage watu.

Asubuhi viatu vyake vya mjini vilikuwa vimejaa tope. Nikainama, nikalitoa boksi lako la raba chini ya kitanda. Hukuwahi kuzivaa hata siku moja. Zilimpwaya kidogo. Alizifunga kamba, kisha akalitia sanduku kichwani, maana magurudumu yale yalikuwa hayana kazi kwenye udongo wetu, na tukatoka.

Nyumba ya kwanza alisimama njiani akinyanyua mkono. Mwanao huyo. Nikamshusha mkono. Akaingia, akakaa, akatazama saa. Nyumba ya pili akatazama saa tena. Ilipofika zamu ya yule mwenye mpapai akasimuliwa habari ya babake, akacheka, akauliza swali, na saa akaisahau. Kila tulipoaga tuliongezewa kitu, ndizi, pakacha la mihogo, karafuu zilizofungwa kwenye kitambaa. Watu hawakusema mama asiende. Walisema tu, "Haya, Mungu akufikishe," wakaniangalia. Kwa Bi Mize nilikaa ukingoni mwa baraza, kama alivyokaa yeye kwangu siku ile. Alimwambia Nassor, "Mamako nshamfunza kuteremka. Weye wampandisha."

Tukafika kwako. Nassor alisimama, akashusha sanduku, akatoa salamu kwa sauti, waziwazi, kama alivyofunzwa na wewe. Nami, Baba Nassor, mkono ukanyanyuka. Wenyewe. Kiganja nje, na miguu inakwenda.

"Mama," Nassor akasema nyuma yangu, "unampungia Baba?"

Nilisimama. Nikaukunja mwamvuli, kwa mara ya kwanza nikageuka upande wako. Kuna majani yameota, mafupi, na mtu kayapunguza karibuni, sijui ni nani, nitauliza. Nikakutolea salamu. Ilitoka na sauti mbaya, lakini ilitoka yote. Halafu sikuondoka. Sikuwa na zamu, sikuwa na kliniki, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane mimi na wewe tulikuwa mahali pamoja bila haraka yoyote. Nilikwambia habari za kila nyumba, moja moja. Nilikwambia najua kwamba ulikuwa ukishuka.

Nassor alikaa juu ya sanduku, raba zako miguuni, akingoja. Hakunihimiza. Mwisho akasema, kama anayezungumza na nafsi yake, "Kule kwangu ghorofani, Mama, ukishuka ngazi zote mpaka chini hutapata wa kumwamkia." Akanyanyuka, akalitia sanduku kichwani, nikadhani anakwenda barabarani kwenye gari. Akageukia tulikotoka.

Aliondoka siku iliyofuata na ndizi na mihogo ya watu, nguo zangu zimebaki kabatini. Ananipigia kila asubuhi, na nisipopokea mara moja anampigia Hamadi. Raba ameondoka nazo. Sikumnyima.

Basi Mwalimu Grace, ushauri ndio huo, na samahani kwa kuuchanganya na mambo ya mume wangu. Wako bado yuko Tanga, mpigie simu.

Na wewe, Baba Nassor, salamu yako sasa naiandika, kwa mkono huu huu, nao umekwisha kuteremka. Asalaam aleykum. Kila nikipita natoa, nasimama kwa muda ambao ungemtosha mtu kuitikia, kisha naendelea na njia.

Mkeo,
Mama Nassor